Herufi K

Mashine niliinunua Matrah, kwa Banyani,
mkono wa pili, rangi ya kijani imebanduka,
na herufi moja ina kiburi: K.
Kila nikiigonga inaruka juu ya mstari
kama mtoto anayechungulia dirishani.

Mume wangu Thuweini alikuwa mtu wa chama.
Yeye akiamini orodha:
viatu vya ngozi, maji ya barafu,
saa sita ya mchana, mwezi wa Juni, mtu asishike chuma.
"Mengine," akisema, "ni maneno ya walioshiba."

Kaka yangu Harith alikuwa komredi.
Alirudi masomoni, nchi ya theluji, na koti zito
asilolivua hata Ruwi, jasho likimchuruzika.
Kwake kiatu hakikuwa kiatu.
Kiatu kilikuwa mlango, na nyuma ya mlango ubeberu,
na nyuma ya ubeberu Historia,
imejipamba, inangoja kuposwa.

Wote wawili waliapa Mina al-Fahal itasimama.
Bandari ya Fahali. Marehemu mama angecheka:
mafahali wawili,
na zizi lenyewe la matangi ya mafuta.

Kikao cha mwisho kilikaa barazani kwangu, Darsait,
tangu isha hata adhana ya alfajiri.
Waligombea kitenzi.
Huyu anataka *tunaomba*, yule anataka *tunadai*.
Birika nne za chai, kitenzi kimoja.
Pirbakhsh, Mbaluchi, mchomeleaji,
alikaa karibu na mlango, mguu umefungwa kitambaa,
Kiswahili chake cha kuokoteza.
Akauliza mara moja tu: "Viatu vimo?"
Hakuna aliyemjibu. Walikuwa wamefika
kwenye swali la nani atashika muhuri.

Asubuhi palikuwa na kamati mbili na mihuri miwili.

Thuweini alinifuata jikoni:
"Nipigie hii chapa, kaka yako asijue."
Harith alipitia mlango wa uani:
"Nipigie hii chapa, mumeo asijue."
Nikazipiga zote, siku moja, kaboni moja,
mchuzi wa papa ukichemka.
Viatu mstari wa tatu, huku na huku.
Maji mstari wa nne.
Zilitofautiana mwishoni tu:
moja, *Kampuni ifikirie*;
nyingine, *Kampuni iondoke*.

Bwana mkubwa wa ofisini hakujua Kiswahili.
Alizilaza karatasi mbili mezani, ubavu kwa ubavu,
akaziona zile K zikichungulia.
Hakumngoja hata mkalimani.
"Hawa ni kundi moja," alisema,
na kati ya wote waliohusika
Kampuni peke yake ndiyo iliyoamini umoja wao.

Walifukuzwa saa moja, kwa barua moja.
Thuweini akasema makomredi wameiba maneno ya chama.
Harith akasema chama kimewauza makomredi.
Mimi nilikuwa nakaanga vitunguu.

Thuweini akafungua duka la vipuri, Ruwi.
Harith akaenda Kuwait, akarudi na koti lile lile.
Miaka thelathini: kwenye maziko
walisimama safu moja, na mtu katikati.

Pirbakhsh? Yeye hakuandika kitu.
Alifungua kitambaa, akakiweka juu ya meza ya msimamizi,
akatoka, akakaa juani.
Wachomeleaji wakamfuata mmoja mmoja,
arobaini, hamsini, sikuwahesabu,
hakuna aliyeniletea karatasi.
Viatu vilikuja Novemba:
saizi moja tu, arobaini na mbili,
kwa miguu yote.

Thuweini alipofariki, Harith alikuja matangani.
Alikaa pale pale barazani,
akaligeuza koti magotini, akaligeuza tena.
"Dada," akasema, "ile karatasi yao.
Nimejiuliza umri mzima.
Nani aliwapigia chapa?"

Mashine ilikuwa chini ya kitanda changu,
imefunikwa kanga.

Nikamwambia:
"Kunywa kahawa, kaka. Inapoa."